Mambo ya Kutuma na Mambo ya Kwenda Mwenyewe

Barua ilikuwa nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka.

"Mpendwa mwenzangu," ilianza, "natumai ujumbe huu utakufikia ukiwa buheri wa afya. Ninaandika kwa unyenyekevu mkubwa kukiri kwamba matendo yangu ya hivi majuzi huenda yalikusababishia maumivu ya kihisia." Iliendelea hivyo aya tatu nzima, kila nukta mahali pake, mpaka "wako mwaminifu".

Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko mkononi, sima inaanza kushika chini. Binti yangu ana miaka 13, yuko gredi ya saba, na Kiswahili chake ni cha mtaa wetu wa Umoja, Nairobi: "hii kitabu yangu", "si uliniambianga". Tangu nimzae hajawahi kuwa buheri wa afya. Halafu hiyo "huenda"! Mtoto kafanya kosa mbele ya darasa zima, anaandika "huenda".

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

Akaangalia vidole vya miguu. "Mimi na simu."

Kosa lenyewe nitalifikia. Si la kujivunia na bado linanichoma. Lakini ile barua ndiyo iliyonikumbusha jambo ambalo nilikuwa nalo tangu utotoni bila kulipa jina.

Nimezaliwa Kisauni, Mombasa, na utoto wangu ulikuwa wa kutumwa. Nimetumwa nazi, nimetumwa mafuta ya taa, nimetumwa kwa jirani kuomba chumvi, nimetumwa kumwambia mdai kwamba mama hayupo na mama mwenyewe yuko nyuma ya pazia. Mtoto wa pwani asiyetumika hana faida. Ila kulikuwa na safari ambazo hakutumwa mtu. Msiba ukitokea mtaani, mama alijifunga buibui akaenda. Akikosana na mtu, alikwenda mwenyewe, tena mchana, watu wamwone. Siku moja mguu wake ulikuwa umevimba na bibi wa nyumba ya pili alikuwa amefiwa. Nikajitolea: nitume mimi, nikampe pole. Mama akaniangalia kama niliyemtukana. "Pole haitumwi," akasema, akajikokota akaenda.

Sasa nina watoto wawili na simu moja na nusu (hiyo nusu ni ile yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, anayoitumia dada mtu), na ndani ya simu hizo kuna mtumishi asiyechoka, hasemi ngoja kidogo, wala haombi chenji ibaki. Hakuna mtoto aliyewahi kuwa na wa kumtuma kama huyu. Kazi yangu ya ulezi miaka hii miwili imekuwa zaidi kuliamua swali moja: atumwe wapi, na wapi mtoto aende kwa miguu yake.

Mimi ni mshonaji. Kibanda changu kiko karibu na soko la Mutindwa, nashona sare za shule zaidi, na msimu wa sherehe nashona magauni. ChatGPT, ile programu inayokujibu na kukuandikia kama mtu, ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, lakini kwangu iliingia baadaye kidogo, mikononi mwa mteja. Alikuja na picha ya gauni iliyotengenezwa na mashine kwenye simu yake, "nataka hili hili," kitambaa chake cha Eastleigh kiko begani. Gauni lilikuwa la ajabu kwa uzuri. Nikalikuza, nikalitazama kwa jicho la kazi. Hapakuwa na zipu, kifungo wala mpasuo. Shingo ilikuwa imebana kama ya fulana na kiuno kama cha nyigu. Mkono wa kushoto ulianzia begani na wa kulia ulianzia kwenye kola.

"Dada," nikamwuliza, "mtu anaingilia wapi?"

Tukacheka mpaka wa kibanda cha pili akaja kuona. Lakini siku hiyo nilijifunza kuhusu mashine hizi jambo ambalo sijaona haja ya kulibadilisha: imeona magauni mengi kuliko mimi na haijawahi kuvalisha mtu. Nililiweka akilini kwa ajili ya watoto.

Jina la mashine hizi kwanza lilitupa taabu. Redioni wengine wanasema akili bandia, Watanzania wameshika akili mnemba, na magazetini hapa utaikuta akili unde, yaani akili iliyoundwa. Kitinda mimba wangu, mwenye miaka tisa, alisikia "bandia" akauliza kama ni kama zile raba za soko la Gikomba zenye alama iliyokosewa herufi. Nikamwambia inategemea umeitumia kwa nini. Hakuridhika. Nyumbani tukabaki na "mashine", jina lisilo na majivuno, na nadhani linawafaa watoto kuliko hayo mengine yote kwa sababu neno akili halimo ndani yake.

Huyu mdogo ndiye aliyeanza kuitukana.

Simruhusu kuitumia peke yake. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu akili hii na elimu, ilipendekeza mtoto asiitumie peke yake kabla ya miaka 13, na wenye ChatGPT nao wameandika umri huo huo katika masharti yao. Kwa hiyo anaitumia akiwa ubavuni mwangu huku mimi nikipiga pindo. Jioni moja ilimkosea hesabu. Akaiandikia, "Wewe ni mjinga sana." Ikajibu kwamba inasikitika kwa usumbufu na itajaribu tena. Akacheka. Akaitukana tena pasipo kosa lolote, ikaomba radhi tena. Akacheka zaidi.

Tusi halikunitisha. Mtoto wa Nairobi anayajua matusi kabla ya kujua herufi. Kilichonitisha ni kile kicheko cha mtu aliyegundua kitu kinachoomba msamaha kila ukikipiga. Siku chache baadaye, yule mzee anayetuletea maji kwa mkokoteni mifereji ikikauka alimwaga kidogo mlangoni, na nikasikia sauti ile ile, na kicheko kile kile: "Mjinga sana!"

Nimeona watu wakibishana kama mtoto aiambie mashine "tafadhali" na "asante". Mimi sina ubishi. Sitaki mwanangu aamini kwamba simu ina moyo wa kuumia. Haina. Ninachoangalia ni mdomo wake, ambao hauna swichi ya kubadilisha kutoka mashine kwenda kwa mzee wa maji. Ulimi ukizoea njia, ukikutana na mtu unapita njia hiyo hiyo. Basi kwetu haitukanwi, na sababu yake si heshima kwa mashine. Mzee wa maji aliombwa radhi siku hiyo hiyo. Mdogo alisema kwa sauti ndogo, mzee akasema "haya basi", akamwonyesha jinsi ya kukaza kifuniko cha mtungi.

Usiku akaniuliza, "Lakini mum, kwani haisikii kabisa?"

Nilimweleza kisa cha Joseph Weizenbaum, profesa wa chuo cha MIT kule Marekani, ambaye mwaka 1966 alitoa maelezo ya programu yake iliyoitwa ELIZA. Ilikuwa nyepesi mno: ikijifanya daktari wa akili anayekusikiliza, inachukua maneno yako na kukurudishia kama swali. Ukisema una huzuni, inakuuliza kwa nini una huzuni. Basi. Katibu wake, mama aliyemwona akiitengeneza miezi na miezi, aliketi kuijaribu, na baada ya sentensi chache akamwomba profesa atoke chumbani waachwe peke yao. Mtu mzima huyo, na alijua kilichomo ndani. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa akidhani simu inampenda simcheki.

Halafu tukacheza. Nikamwambia, nitaanza sentensi, umalizie. "Haraka haraka haina…" "Baraka!" wakasema wote wawili. "Umejuaje?" Kwa sababu wameisikia mara nyingi. "Asiyesikia la mkuu…" "Huvunjika guu!" Kisha: "Jana nilienda Gikomba nikanunua…" Mdogo akasema raba, dada mtu akasema jinzi. Nani sahihi? Wote, na hakuna, maana sikwenda Gikomba jana. Nikawaambia, mashine hii kazi yake ni hiyo mliyoifanya sasa hivi. Imelishwa maandishi mengi ajabu, na kila neno inakisia lipi linafaa kufuata. Ikipata iliyozoeleka, inapatia. Isipojua haisemi "sijui" upesi kama mtu mwenye haya. Inaweza kukununulia raba Gikomba siku ambayo hukwenda. Tangu hapo nyumbani ikikosea wanasema, "Imeenda Gikomba."

Iliwahi kwenda Gikomba katika jambo la methali, na hapo nusura iingie vitani na mama yangu. Dada mtu alikuwa na insha. Mashine ikampa methali ya kufungulia, ikasema ni ya kale ya Waswahili: "Mti haukui kwa kelele za ndege." Inapendeza, sikatai. Mimi sikuijua, lakini mimi si kipimo. Tukampigia nyanya yao, Kisauni.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Alikuwa amekula. Akamsomea. Upande wa pili kimya, nasikia tu jogoo wake.

"Nani kakwambia hiyo?"

"Simu, nyanya."

"Mwambie simu mimi nina miaka sabini na sita na huyo ndege sijamsikia."

Kisha akampa ya kwake, "akili ni nywele, kila mtu ana zake", na maelezo ya dakika ishirini yaliyomaliza salio langu lote, ndani yake mna mjomba aliyeuza mtumbwi na kunyoa kichwa. Insha iliandikwa kwa kalamu, ikiwa na mjomba huyo na mtumbwi wake. Ilirudi na maneno ya mwalimu "anakaribia matarajio", nami nimeibandika ukutani kibandani, juu ya cherehani.

Niseme na langu, maana si haki kumsema mtoto tu. Alipokuwa gredi ya nne waliambiwa walete mwanasesere wa kushonwa kwa vitambaa. Aliniambia saa tatu usiku, kesho yake ndiyo siku. Mzazi yeyote wa CBC, mtaala wa umilisi, anaijua saa hiyo. Nilimlaza nikashona mwenyewe: macho ya vifungo, nywele za uzi, gauni lenye marinda, hata chupi. Mwalimu akamsifu darasani. Sasa huyo ndiye mtoto ninayetaka nimwambie kazi ya shule haitumwi mtu? Aliponijibu hivyo ("si hata wewe ulinifanyia mdoli") nilinyamaza, nikamwambia ana haki. Nadhani wengi wetu tulifundisha somo hilo kabla mashine haijazaliwa. Tulikwenda saiba, duka la kompyuta, tukachapishiwa, tukakata katoni wenyewe, mtoto amelala.

Tukapatana hivi: anaandika kwanza mwenyewe, kwa kalamu, hata kama ni upuuzi. Baadaye mashine isimwandikie bali imwulize. Akisoma mmeng'enyo wa chakula, anaiambia, "Niulize maswali kumi, usinipe jibu mpaka nijaribu." Humo ina faida kubwa, kuliko mimi, maana mimi mmeng'enyo wa chakula nilisahau siku niliyovua sare. Na ikimwambia jambo la ukweli, mwaka au jina la mtu, analitafuta kitabuni au kwa mtu kabla ya kuliandika.

Ghorofa ya juu yetu anakaa jirani ambaye aliwahi kufanya kazi katika mojawapo ya ofisi ambazo mashine hizi zilifundishwa adabu. Sikujua mpaka tulipokuwa tunaanika nguo juu ya paa. Dada mtu alikuwa ananisaidia kubana shuka, akasema kwa kujigamba kwamba ChatGPT haitukani hata ukiichokoza. Jirani akaacha nguo mkononi.

"Unajua ni kwa nini haitukani?"

Akamweleza pale pale, kibanio mdomoni nusu ya wakati. Kwamba ili mashine ijue uchafu ni upi, lazima mtu ausome, autie alama: huu ni wa kupiga, huu ni wa kumwumiza mtoto. Asubuhi mpaka jioni. Mambo mengine hakuyataja mbele ya mtoto, nami nilimshukuru kwa macho. "Nilikuwa nikifika nyumbani naoga kabla ya kumshika mwanangu," akasema, "na sijashika uchafu wowote, nimekaa tu kwa kompyuta."

Hayo si siri. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuhusu wafanyakazi wa hapa kwetu Kenya waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na ya udhalilishaji wa watoto, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Lakini gazetini ni habari, na juu ya paa ni mama mwenye shuka lililolowa. Binti yangu aliniuliza tukiteremka ngazi, "Kumbe ni yeye aliifanya iwe na heshima?" Sehemu yake, ndiyo. Kwa hiyo neno hili la upole kwa mashine si la kipuuzi kama wengine wanavyolifanya: ule upole unaokujibu ulitoka kwa mtu, na aliulipia.

Ungedhani baada ya hayo yote mtoto amefunzika. Nilidhani hivyo.

Kabla sijafika kwenye kosa, hatua moja nyuma, kwa sababu na mimi nilikuwa na mkono. Nilikuwa nawapiga picha watoto wa wateja wakiwa ndani ya sare mpya, nembo ya shule kifuani, naziweka kwenye status ya WhatsApp: "Sare zipo, karibuni." Hakuna mama aliyelalamika. Kisha mteja mmoja akanieleza kwamba Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haitaki data ya mtoto itumiwe bila idhini ya mzazi, na kwamba mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya hapa Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Nilizifuta usiku huo, zote, jasho likinitoka. Binti yangu aliniona nikizifuta. Akauliza, nikamjibu juu juu: uso wa mtu ni mali yake, mtu hauweki popote bila kuuliza. Nilisema nikiwa nimechoka, na maneno ya kuchoka hayaingii.

Kosa lilikuwa hili. Darasa lao lina kikundi cha WhatsApp ambacho sisi wazazi hatukukijua. Mtu aliweka humo picha ya safari ya shule. Binti yangu akaukata uso wa mwanafunzi mwenzake, akaupa mashine ya kutengeneza picha, akaiagiza: mvalishe matambara, mweke mbele ya jiko, anachoma mahindi, watu wanamcheka. Mama wa yule mtoto anachoma mahindi pale steji. Picha ikatoka na moshi wake na makaa yake, mkono mmoja una vidole sita. Chini akaandika: "Mkurugenzi wa Mahindi." Nusu saa haikuisha ilikuwa imefika gredi ya nane. Yule msichana hakwenda shule siku mbili.

Mimi nashona chini ya mabati. Tofauti yangu na mama huyo ni cherehani na jiko.

"Ilikuwa mchezo tu, mum. Kila mtu alicheka."

Nilitaka kupiga kelele. Nikauliza badala yake, na sijui swali lilitoka wapi: "Ungeichora kwa mkono, ingekuchukua muda gani?"

"Siwezi kuchora hivyo."

"Ungejaribu."

"Siku mzima."

"Ungefika kwenye matambara, ungekuwa unafikiria nini?"

Hakujibu, lakini uso ulibadilika. Nimelifikiria sana swali hilo tangu siku hiyo. Ubaya wa kitoto sisi tuliufanya, tena sana. Tulitunga nyimbo, tulichora ukutani kwa mkaa. Ila ulikuwa na kazi ndani yake, na aibu ilipata nafasi ya kukufikia njiani. Huu sasa unachukua sekunde kumi, na aibu inafika picha imeshaondoka.

Kwenye kikundi cha wazazi baba mmoja alitaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2018, kwamba unyanyasaji wa mtandaoni ni jinai na watoto watishwe. Baba wa wanangu, anayefanya kazi Naivasha na kuja mwisho wa mwezi, alisema kwa simu, "Mnyang'anye hiyo kitu." Nilimnyang'anya, wiki mbili. Lakini niliona wazi kwamba kunyang'anya ni adhabu rahisi kwangu, si kwake: simu ikiwa kabatini sina la kumfundisha. Nikamwambia aombe radhi. Ndipo, kwa simu yangu mwenyewe iliyokuwa inachaji sebuleni, akatuma mashine iombe.

Niliichana ile barua aliyoinakili kwa mwandiko wake mzuri. "Pole haitumwi," nikasema, na nikajisikia sauti ya mama yangu. "Vaa viatu."

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, matatu za kutoka mjini zinamwaga watu. Mama alikuwa ameinama juu ya jiko lake, anageuza mahindi kwa vidole vitupu. Alituona akadhani wateja.

"Ngapi? Laini ama ngumu?"

"Habari ya jioni, dadangu. Mtoto wangu ana neno."

Binti yangu alisimama hapo, mikono ndani ya sweta. "Mimi niko darasa moja na mtoto wako," akasema. "Ile picha ni mimi nilitengeneza."

"Picha gani?"

Hapo ndipo nilipojua nimekosea. Nilikuwa nimefikiria kwenda, sikuwa nimefikiria nani kaficha nini. Mama hakujua kitu.

"Aliniambia tumbo," akasema, akinitazama mimi sasa. "Siku mbili, aliniambia ni tumbo."

Mtoto alikuwa amemlinda mama yake na tusi, na mimi nimelileta mpaka jikoni kwake kwa jina la adabu. Nilitamani ardhi inimeze. Hapakuwa na kurudi nyuma, kwa hiyo binti yangu ilimbidi aieleze picha, kipande kipande, mbele ya jiko lenyewe: matambara, moshi, watu wanaocheka, maneno ya chini. Aliposema "Mkurugenzi wa Mahindi" sauti ilikatika. Mahindi mawili yaliungua upande mmoja na hakuna aliyeyageuza.

"Kwani kuchoma mahindi ni vibaya?" mama akamwuliza. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo aliiweka mbali na mtoto.

"Hapana."

"Ukiniona hapa naiba?"

"Hapana."

Akachukua kipande cha katoni anachopepelea, akampa. "Shika. Pepea."

Akapepea. Majivu yakamrukia sweta, macho yakamtoka machozi, ya moshi au ya nini sijui. Watu walipita, wengine wanamjua. Yule msichana akaja akitokea upande wa nyumbani, ana mfuko wa ndimu, akasimama alipotuona.

"Nilikukosea," binti yangu akasema, bado anapepea. "Nilitaka wanicheke… nilitaka wacheke."

"Ulifuta?"

"Nilifuta. Lakini wengine wako nayo."

Msichana hakusema si kitu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kuhusu nambari 116, ile ya bure ambayo mtoto anaweza kupiga akilemewa, na baadaye nilimwambia mama yake. Wakati ule sikuweza kufungua mdomo. Aliuweka mfuko wa ndimu chini, akamsogelea binti yangu, akamtoa katoni mkononi.

"Hupepei hivyo," akasema. "Unarusha majivu kwa mahindi."

Akapepea yeye, chini chini, mkono ukitembea kidogo tu, na makaa yakawaka. Binti yangu akasimama pembeni akiangalia. Nikaagiza mahindi mawili kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Mama akayapaka ndimu na pilipili, akayafunga kwa maganda, akapokea noti yangu ya shilingi mia na kunihesabia chenji yote, kisha akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yetu.

"Laini ama ngumu?"